Msemaji wa Kalista

9 Novemba 1997, Magamba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha. Baada ya Misa, Sista Vimala, muuguzi wa zahanati ya parokia, alituita mimi na mke wangu ofisini kwake. Jibu limefika kutoka kwao India. Hospitali ya shirika lao, katika jimbo la Karnataka, itampokea Kalista na kumfanyia upasuaji wa moyo. Kilango kimoja cha moyo wake hakifungi sawasawa, na madaktari wa huku wamekwisha kusema hawana la kufanya. Ataondoka baada ya Pasaka pamoja na ndugu mmoja wa kumsemea. Wafadhili wamekubali mmoja tu.

Nilishukuru, nikasema nitakuwa tayari. Sista akaniomba nisiharakishe. Madaktari wa kule wanajua Kiingereza, lakini hupita wodini asubuhi, wakaondoka. Wauguzi wa zamu, wapishi na wagonjwa wa vitanda vya jirani husema Kikannada. Ndugu wa mgonjwa ndiye anayekaa naye, na ndiye anayemweleza muuguzi hali inapobadilika. Kwa hiyo atakayekwenda ni lazima ajifunze Kikannada msimu huu wa mvua. Yeye atatufundisha.

"Nitawafundisha" lilikuwa neno lake, kwa wingi, maana shemeji yangu Natalia alikuwa amekaa mlangoni na kikapu chake mapajani. Natalia ni mdogo wake Kalista. Alihamia kwetu mwezi wa nane, kumsaidia dada yake kazi za nyumbani, na siku za soko huuza dagaa wa Karema mjini Mpanda. Aliuliza kama Kikannada ndiyo lugha ya Kanada. Sikucheka. Nilimweleza.

Sioni sababu ya kumfundisha Natalia. Kwetu mgonjwa hamjibu daktari; mumewe ndiye hujibu. Nimemsemea Kalista kwa kila tabibu tangu tulipooana.

12 Novemba

Somo la kwanza, sebuleni kwetu. Nilikuwa nimeandaa daftari, kalamu mbili na rula. Sista akaniomba niviweke kando. Alisema mwezi wa kwanza ni wa masikio na miguu, kalamu itasubiri. Kisha akaanza kutuamuru. Banni, njoo. Kutkoli, keti. Niru kodi, nipe maji. Natalia aliinuka, akaketi, akaleta maji, akamwaga nusu, akacheka. Mimi nilisimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichofuata. Neno nisiloliona limeandikwa halikai kichwani mwangu.

Nimefundisha sarufi miaka mingi na nimekagua walimu wa wilaya nzima. Hiyo si njia ya kufundisha lugha.

13 Novemba

Nimeyaandika yote baada ya Sista kuondoka.

19 Novemba

Leo nilimwomba Sista anieleze jinsi maneno yao yanavyobadilika. Alisita, kisha akanipa neno moja, mane, yaani nyumba. Manege, kuelekea nyumbani. Maneyinda, kutoka nyumbani. Maneyalli, nyumbani. Nilishika meza. Ni Kilatini kile kile tulichofundishwa na mapadre kule Ufipa nilipokuwa kijana: neno moja na mikia yake, kila mkia na kazi yake. Nimechora jedwali, nimelijaza, na nimelibandika ukutani juu ya kitanda changu.

Natalia alilitazama akauliza kama ni ratiba ya treni.

27 Novemba

Mvua. Nimejifunza maneno kumi. Jioni nimeyakumbuka saba.

3 Desemba

Nimegundua jambo. Somo likiisha, mgeni husindikizwa, na kwa kuwa mimi hubaki na mgonjwa, Natalia ndiye humsindikiza Sista hadi darajani. Leo walichelewa. Nilitoka barazani nikawaona bado wamesimama karibu na shamba la jirani yetu, mzee Manyanda. Natalia anaonyesha kidole: hindi, jembe, ng'ombe, tope, mtoto anayelia. Sista anataja, Natalia anarudia, kisha anauliza lingine. Somo langu mezani ni la saa moja. La Natalia halina mwisho.

Alirudi na miguu iliyojaa tope, akimsimulia Kalista kwa Kibende chao. Tangu nimuoe Kalista, dada hawa wakikutana huzungumza Kibende na mimi husubiri wamalize. Sasa katikati ya Kibende hicho yanapita maneno ya Kikannada kama wageni waliozoea nyumba.

5 Desemba

Nimetangaza kwamba kuanzia leo mwenye nyumba ndiye atakayemsindikiza Sista. Njia ni nyembamba, haichukui watu watatu sambamba. Natalia alikuja hata hivyo. Wao wawili walitangulia wakizungumza. Mimi nilifuata nyuma na mwavuli.

14 Desemba

Natalia sasa anamwita Kalista akka, yaani dada mkubwa. Kila asubuhi humsalimia kwa kumuuliza kama amekula, uta aayita, maana kwao Sista hiyo ndiyo salamu. Kalista hujibu aayitu, nimekula, hata kama hajagusa uji. Leo alicheka mpaka akashika kifua. Nilimwonya Natalia kwamba mgonjwa wa moyo hachekeshwi.

"Basi mchekeshe wewe kidogo kidogo, shemeji," akasema.

Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimchekesha.

25 Desemba

Noeli. Sista ametuazima kanda ya kaseti aliyorekodi mama yake kijijini kwao. Ndani yake mama huyo anazungumza na majirani, anafukuza kuku, anaimba, anapika. Sista anasema tuisikilize tukifanya kazi, hata kama hatuelewi, ili sikio lizoee mwendo wa lugha. Mimi nilitaka kuisikiliza kimya, kalamu mkononi, na kuirudisha nyuma kila sentensi. Natalia alitaka iendelee tu akichagua dagaa. Alisema nikiirudisha nyuma kila mara, yule mama hatamaliza kupika mpaka Pasaka. Kalista aliamua: asubuhi kaseti ni yangu, mchana ni ya Natalia.

Asubuhi yangu imezaa sentensi sita kamili. Nimezielewa zote. Mchana niliwasikia wote wawili wakiimba pamoja na mama wa Sista.

2 Januari 1998

Redio inasema mvua hizi ni za El Nino. Choo cha jirani kimebomoka.

6 Januari

Sista anasema kosa langu ni kutengeneza sentensi kimya, kuikagua, na kuisema baada ya mwenzangu kwisha kusahau alichouliza. Ameniagiza niseme kwa sauti kila siku, popote, na yeyote. Sikutaka kusema na Natalia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikawaamuru mbuzi. Banni. Kutkoli. Niliendelea kwa muda, na nakiri kwamba ulimi ulianza kulainika.

Nilipogeuka, Natalia alikuwa ameegemea ukuta na ndoo.

"Wameketi, shemeji?"

Nikamwambia mbuzi hawakuumbwa kuketi.

"Nyie na mbuzi mnafanana. Hata wewe siku ya kwanza hukuketi."

Nilimsahihisha. Watu wa huku husema "nyie", lakini kwa usahihi ni "nyinyi". Na alikuwa akizungumza na mtu mmoja.

18 Januari

Kalista amevimba miguu. Sista amemwongezea dawa ya kukojoa. Alipokuwa akifunga mkoba wake, alisema Natalia anaendelea vizuri sana, kwamba hata watawa wageni wanaokaa na lugha mwaka mzima hawafiki hapo. Kuhusu mimi alisema nina msingi mzuri. Msingi. Nimewaambia watoto wengi maneno hayo, na najua huambiwa nani.

Nilimsindikiza peke yangu, Natalia akiwa sokoni. Tulipofika darajani nilimweleza, kwa Kiswahili, kwamba shemeji yangu husoma kwa taabu. Nilisema hawezi kufuata maandishi ya uwanja wa ndege, na kwamba akipotea Bombay atakuwa amempoteza na mgonjwa. Sista alinitazama kidogo. Akasema kwamba watawa watawapokea kila uwanja, na hakuna atakayeachwa asome ubao. Kisha akaniuliza kama nina jambo lingine la kumwambia kuhusu Natalia. Nilisema sina.

20 Januari

Natalia alinipa chakula, akasimama.

"Shemeji, asante kwa kuniombea nisipotee Bombay."

Kalista aliweka kijiko chini. Aliniita Mwalimu siku nzima. Yeye huniita Baba Pontien, kwa jina la mwanetu mkubwa. Mwalimu ni jina la watu wa nje.

2 Februari

Treni haijaja tangu wiki iliyopita. Wanasema maji yamekula tuta la reli.

4 Februari

Vitenzi ishirini, pamoja na nyakati zake. Natalia ana vitenzi vichache na hana wakati hata mmoja. Jana na kesho kwake ni kitu kimoja. Lakini Sista anamwelewa.

9 Februari

Sista amebadilisha utaratibu. Tangu leo hatazungumza nasi Kiswahili kabisa, hata akija kwa dharura. Anasema muuguzi wa kule hatatubadilishia lugha kwa kutuonea huruma. Nimeandaa sentensi za maradhi ya moyo, zimefika thelathini, na zote nazijua bila kutazama. Nilimwomba anijaribu. Hakupata kosa. Alisema, "Sari," yaani sawa, na akatabasamu. Natalia hakuwapo kusikia.

11 Februari

Naandika asubuhi ya kumi na mbili, lakini haya ni ya jana.

Natalia alikuwa amekwenda Mpanda na dagaa. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Baada ya chakula cha mchana nilikuwa mezani na jedwali langu la vitenzi niliposikia kitanda kikigonga ukuta. Kalista alikuwa ameketi ukingoni, ameshikilia godoro kwa mikono miwili, jasho linamtiririka na midomo imebadilika rangi. Nilimwambia alale apumzike. Alikataa kwa kichwa. Nikamshika mabega nimlaze. Alinisukuma, yeye ambaye hajawahi kunisukuma, akasema neno. Halikuwa la Kiswahili. Nikamuuliza anasema nini. Akalirudia, maneno yale yale matatu au manne, kwa Kibende, amenitolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimkaba.

Nilimwambia, "Sema Kiswahili, Kalista." Nilisema hivyo. Akalirudia lile lile.

Nilimpigia kelele Manyanda, ambaye alikuwa shambani kwake, akakimbia zahanati. Sista alifika amelowa, viatu mkononi. Akauliza kwa Kikannada, kama alivyoahidi, kuna nini.

Nilijibu mara moja. Sikusita hata kidogo. Avalige ede novu ide: ana maumivu ya kifua. Ilikuwa sentensi ya kwanza katika zile thelathini, na niliitamka kama mtu aliyezaliwa kwao. Nakumbuka kwamba, hata katika hofu ile, niliona fahari.

Sista akasema alazwe amsikilize kifua. Tukamlaza wote wawili. Kalista alirusha miguu, akatoa sauti kama maji yanayochemka kwenye birika, na macho yakaanza kwenda juu.

Wakati huo Natalia aliingia. Mvua ilikuwa imevunja soko mapema. Alikuwa bado na beseni kichwani. Alisikia neno moja tu la dada yake, akaliachia beseni likaanguka, akanipita, akamkamata Kalista kwapani na kumketisha, akamshusha miguu chini na kumwegemeza kifuani kwake. Akamwambia Sista, bila mkia wala kichwa cha sarufi, "Malagidre niru! Usiru illa!" Akilala, maji. Pumzi hakuna.

Sista alielewa papo hapo. Alimchoma sindano ya kutoa maji. Tulimkalisha hivyo mpaka pumzi ikarudi, kidogo kidogo, na kitanda kikaacha kutetemeka. Dagaa walikuwa wametapakaa chumba kizima. Hakuna aliyewaokota.

Baadaye Sista alisema kosa ni lake, kwamba muuguzi alipaswa kuona kwa macho yake bila kungoja kuambiwa. Alinihurumia. Nilimuuliza Natalia dada yake alikuwa akisema nini.

"Alisema akilala anazama."

Hakuwa na maumivu ya kifua.

13 Februari

Sijafungua jedwali.

14 Februari

Kalista anaendelea vizuri. Analala ameketi, kichwa begani kwa Natalia. Nimejitolea kukaa mimi. Alisema bega langu lina mfupa.

25 Februari

Jumatano ya Majivu. Treni imerudi, inakwenda polepole.

8 Machi

Nimefikiri sana na nimepata dawa. Kasoro haikuwa katika Kikannada changu. Kasoro ni kwamba mgonjwa alisema Kibende. Kwa hiyo nimeanza kumzoeza Kalista kusema Kiswahili akizidiwa. Tumechagua maneno mafupi: nazama, nabanwa, nasikia baridi. Kila asubuhi namwambia, "Umebanwa pumzi, unasema nini?" naye anajibu vizuri. Ni mwanafunzi msikivu.

10 Machi

Leo Kalista alikanyaga kaa la moto jikoni. Alipiga kelele kwa Kibende. Natalia alicheka. Mimi sikucheka.

15 Machi

Natalia ameanguka, na naandika kwa furaha ambayo nitalazimika kuiungama.

Sista alimjaribu leo kama atakavyojaribiwa na muuguzi wa kule. Aliuliza kwa Kikannada cha haraka: mgonjwa amekula leo asubuhi? Natalia: haudu, ndiyo. Mgonjwa hajala kitu? Haudu. Amewahi kudhurika na sindano? Haudu. Anaitwa Vimala? Haudu. Natalia hapendi kumkatalia mtu wala kukiri kwamba hakusikia. Asipoelewa hutabasamu na kukubali. Sista alikasirika, mara ya kwanza kumwona hivyo. Alisema mgonjwa anayekwenda kupasuliwa na chakula tumboni anaweza kufa kwa sababu ya haudu moja. Natalia alitazama miguu yake.

Mimi niliulizwa maswali hayo hayo na nikayajibu yote sawasawa. Nilipomaliza nilimtazama Kalista. Alikuwa akimtazama Natalia.

22 Machi

Nafasi yangu imekuwa kubwa. Sista hasemi, lakini maswali magumu sasa ananiuliza mimi. Nimeanza kufikiria suti ipi niichukue.

29 Machi

Mvua imepungua. Mahindi ya Manyanda yamekomaa. Natalia amekuwa mkimya, hata kaseti haipigi.

5 Aprili

Jumapili ya Matawi. Sista alikuja mchana akasema pasi za kusafiria zimekuwa tayari, ya kwangu na ya Natalia na ya mgonjwa, na jina la msindikizaji linatakiwa Dar es Salaam kesho. Alisema yeye ametufundisha wote kadiri alivyoweza. Mwalimu anazungumza kwa usahihi zaidi, Natalia anasikia upesi zaidi. Hataki kuchagua. Achague mgonjwa.

Sijawahi kuona daktari akimuuliza Kalista jambo mbele yangu. Niliketi wima.

Kalista alikuwa akichambua mchicha. Hakuacha.

"Baba Pontien, wewe unasema vizuri kuliko Natalia. Nimekaa hapa msimu mzima, nimesikia."

Nikasema asante.

"Lakini nikizidiwa, Kiswahili kinanikimbia. Unajua siku ile nilisema nini?"

"Ulisema ukilala unazama."

"Nani kakwambia?"

Nikamtazama Natalia.

"Natalia kakwambia," akasema. "Tangu unioe nimekuwa nikisema na wewe Kiswahili. Nimezaa kwa Kiswahili chako, nimezika mama yangu kwa Kiswahili chako. Kibende umekisikia ndani ya nyumba hii siku zote, hukuwahi kuuliza neno moja lina maana gani. Ya India umeyaandika ukutani."

Nikamwambia kwamba nilitaka nyumba yetu iwe na Kiswahili sanifu, watoto wasome vizuri. Na walisoma.

"Walisoma. Sikulaumu. Nasema tu, nikifa kule, sitaki maneno yangu ya mwisho yasahihishwe."

Natalia alianza kulia, akisema yeye hafai, yeye ni haudu tu, dada yake amchukue Mwalimu. Kalista alimwambia kitu kwa Kibende, Natalia akaacha kulia. Sikuuliza ni nini. Baada ya yote aliyonieleza, bado sikuuliza.

Sista ameandika jina la Natalia.

6 Aprili

Nina hasira na watu wote, kuanzia mapadre walionifundisha Kilatini.

7 Aprili

Asubuhi nilibandua jedwali ukutani. Kisha nikamwita Natalia, nikaweka viti viwili kutazamana. Nilimwambia mimi ni muuguzi wa zamu, nina haraka, sina huruma, na kila akisema haudu bila kuelewa nitampasua dada yake. Akacheka, akadhani ni utani. Nikaanza kumuuliza, kwa haraka kama nilivyosikia kwenye kaseti. Swali la tatu akasema haudu. Nikasema, "Umemuua."

Kicheko kilimwisha. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kwa Kikannada husemwaje kwamba sikuelewa.

Arta aagalilla. Nilimfundisha kulisema mpaka likamtoka bila aibu.

8 Aprili

Tena, asubuhi na jioni. Makosa yake ya maneno ni mengi kama mvua. Nimeyaacha yote. Nasahihisha ndiyo na hapana tu.

10 Aprili

Ijumaa Kuu. Leo amesema hakuelewa bila mimi kumtazama kwa ukali. Kalista alikuwa akitusikiliza kutoka kitandani. Alisema, "Baba Pontien ni muuguzi mbaya sana." Lakini alisema Baba Pontien.

12 Aprili

Pasaka. Tumekula kuku. Natalia alikataa mchuzi wa pili kwa Kikannada, beda, beda, kwa uthabiti kiasi kwamba Sista alipiga makofi.

16 Aprili

Wameondoka.

Stesheni ya Mpanda ilikuwa imejaa watu na magunia ya mpunga. Sista alitafuta viti karibu na mlango ili Kalista akae miguu chini. Mwanetu Pontien atawapokea Tabora na kuwafikisha Dar. Nilipanda ndani kupanga mizigo, nikaipanga mara mbili. Kalista alinishika mkono wa shati akasema nisisahau kuwafungia mbuzi jioni. Nikasema sitasahau. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi, kwa Kiswahili, na sikuitoa.

Nilisimama chini ya dirisha lao. Walianza kuzungumza, wao wawili, kwa Kibende, wakinitazama, na wakacheka. Treni ilikuwa bado imesimama. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuuliza. Niliinua mkono tu, kama mtu anayesimamisha gari.

17 Aprili

Nyumba ni kubwa mno.

21 Aprili

Mvua ndogo, labda ya mwisho.

24 Aprili

Wamepanda ndege. Pontien amepiga simu parokiani.

4 Mei

Upasuaji ni leo. Nilikwenda kanisani, nikakaa, nikarudi, nikaenda tena.

6 Mei

Sista Vimala alikwenda posta ya Mpanda kupiga simu kwao. Alirudi kwa baiskeli akikanyaga kwa nguvu, na nilimwona kutoka mbali kwamba ni habari njema. Kilango kimetengenezwa. Kalista ameamka.

Sista alinisimulia yote, kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza sikusahihisha hata neno lake moja. Alipofumbua macho, Kalista alisema kitu kwa Kibende. Muuguzi akauliza. Natalia kwanza akasema arta aagalilla, hajaelewa, akamwinamia dada yake ili aseme tena, na aliposikia vizuri ndipo akamweleza muuguzi. Muuguzi akafanya walichomwomba, na wote watatu wakacheka, mgonjwa akicheka kwa uangalifu kwa ajili ya mshono.

"Alisema nini?" nikauliza.

Sista hakujua. Natalia hakumwambia. Alicheka tu kwenye simu.

Nilimshukuru Mungu, na nilishukuru kwa kweli. Kisha nikakaa barazani nikiwaonea wivu watu watatu walio ng'ambo ya bahari, mmoja wao nisiyemjua hata jina. Mke wangu amerudi kutoka kwenye kifo na neno, na muuguzi wa Karnataka analijua neno hilo, mimi silijui.

7 Mei

Bi Faudhia, jirani yetu anayeuza vitumbua, ni mzaliwa wa kule kwa akina Kalista, upande wa ziwani. Asubuhi nilibisha hodi kwake. Nilimwambia nataka kujifunza Kibende kabla mke wangu hajarudi. Aliniuliza kama nina homa.

Nikamwambia sina. Nikamweleza jinsi ya kunifundisha: asiniandikie, asinieleze, aniamuru tu, na nikikosea aendelee. Akasema, "Haya, Mwalimu," akaniamuru jambo kwa Kibende. Nilileta kigoda. Alikuwa ametaka maji. Alicheka mpaka akashika meza ya vitumbua, akaniamuru tena, na safari hii nilimuuliza lile neno lina maana gani.

Kalamu nilikuwa nimeiacha nyumbani.